Friza Iliyojaa Vidari

Mvua ndiyo iliyomsukuma Egya Kwamena Bentsil ndani ya duka la Maame Ekua. Kwa hiari yake asingeingia. Tangu mkewe afariki, yeye na jiko walikuwa wameagana kwa amani: asubuhi chai na yai la kuchemsha, mchana na jioni kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani yake Nana Esi, ambaye mafiga yake yalifuka moshi upande wa pili wa ukuta. Maisha yake yote alikuwa dereva wa garimoshi, akishusha magogo na madini kutoka bara mpaka bandarini. Reli ilipolala, naye akastaafu, akarudi kwenye nyumba yake pale Sekondi, akatulia. Mtu mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa, aliyepiga pasi shati lake hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Siku hiyo alikuwa anatoka kumjulia hali mgonjwa. Wingu likapasuka bila taarifa, naye akajitupa kwenye mlango wa kwanza aliouona. Ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Mafriza yamejipanga ukutani yakinguruma kwa sauti ya chini kama wanaume wa kwaya, na nyuma ya meza alisimama mwanamke aliyevaa sweta nene, glavu, na kofia ya sufu iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Kofia ya sufu, katika mji ambao mbuzi hulala mtaroni kutafuta ubaridi! Kilichobaki kuonekana ni macho mawili, pua na tabasamu. Kwamena akavitazama vitu hivyo, akasahau kilichomleta.

"Egya, mlango," mwanamke akasema. "Baridi yangu inakimbilia nje, na umeme nalipa mimi."

Akaufunga.

"Haya, nikupe nini?"

Kwamena hakuwa anataka kitu. Lakini mtu mzima hawezi kusema mbele ya mwanamke kwamba ameingia kukwepa maji kama kuku. Akanyoosha kidole mbele yake, popote pale kitakapoangukia.

"Vidari?" mwanamke akashangaa. "Hii minofu ya kifua, isiyo na mfupa?"

"Hiyohiyo."

"Ala! Leo nimepata mtu. Hapa kila anayeingia ni mapaja, migongo, mabawa. Vidari wanasema vikavu kama mbao. Mimi nawaambia, si kuku, ni mikono yenu. Hawajui kupika, au siyo?"

"Hawajui," akasema Kwamena, na neno hilo moja ndilo lililomponza.

Alirudi nyumbani na mfuko wa vidari vigumu kama mawe, maji yakimchuruzika kwenye kola, huku akicheka peke yake. Uani kulikuwa na friza ya marehemu mkewe, aliyekuwa akiuza maji ya barafu kwa watoto wa shule. Akaipangusa vumbi, akachomeka waya, ikakohoa, ikaamka. Akautia mule ule mfuko, akafunga, akaenda kula kenkey yake kama kawaida.

Wiki iliyofuata akarudi dukani. Hakukuwa na mvua.

Na wiki ile nyingine, na nyingine. Kila akienda, shati limenyooka, viatu vinang'aa, marashi yanamtangulia. Nana Esi, aliyekuwa na ulimi kama wembe na moyo kama mkate wa moto, alimwona akipita mbele ya mafiga yake akasimamisha mwiko hewani.

"Kwamena, nani kafa?"

"Hakufa mtu."

"Basi nani anaoa?"

"Naenda dukani tu, dada."

"Dukani! Mwaka mzima unakuja hapa kununua samaki umevaa kandambili, leo duka linavaliwa tai!"

Tatizo la Maame Ekua ni kwamba alipenda kuzungumza. Kila akimfungia mfuko alimuuliza, "Vile vya juzi ulivipikaje?" na Kwamena, ambaye hakuwahi kupika hata kimoja, ilibidi awe na jibu. Mwanzoni alibahatisha. "Kwa tangawizi," akasema, na macho ya chini ya kofia yakameremeta. Basi akaanza kuwinda mapishi kama mwanafunzi anayetafuta majibu ya mtihani. Akawa anafungulia redio kwenye kipindi cha akina mama. Akawa anakaa muda mrefu kwa Nana Esi akiuliza, kana kwamba ni kwa ajili ya mazungumzo tu, kitunguu hutiwa lini, karanga husagwaje, kitu gani hufanya mchuzi ushike. Anayoyasikia Jumatatu, Jumanne ameyafikisha dukani yakiwa yake.

"Juzi nilivipika kwa mchuzi wa karanga."

"Vikalainika?"

"Vikayeyuka."

Maame Ekua akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na Kwamena akajiona kama mtu aliyepanda juu ya mnazi akasahau namna ya kushuka, ila huko juu kuna upepo mzuri.

Sifa zikamfuata. Siku moja alimkuta pale msichana aliyeolewa karibuni, amesimama mbele ya friza na uso wa msiba.

"Afadhali umefika," Maame Ekua akasema. "Mwanangu, muulize huyu mzee. Huyu ndiye fundi wa vidari hapa Sekondi nzima."

"Baba, vya kwangu vinakauka," msichana akalalamika. "Mume wangu anavitafuna kama mswaki. Jana ameniuliza kama nimemwekea na dawa ya meno."

Macho yote yalimgeukia, ya msichana na yale mengine. Kwamena akajikohoza. Kichwani hamkuwa na redio wala Nana Esi. Mlikuwa na reli.

"Sikiliza, mwanangu. Kuku ni kama garimoshi. Unapoondoka, unaondoka kwa nguvu. Lakini stesheni huingii kwa kasi. Unapunguza mapema, unaliacha liingie lenyewe. Basi moto mkali mwanzo, kishike rangi. Halafu punguza, funika, na usiwe unafunuafunua kama abiria anayechungulia dirishani. Ukizima, kiache kipumzike. Hata garimoshi likisimama, watu hawaruki siku hiyohiyo milango ikiwa imefungwa."

Mwisho wa maneno yale hata yeye hakuuelewa. Lakini msichana alirudi wiki iliyofuata amebeba maembe kama shukrani, mumewe ameramba sahani. Kwamena aliyapokea maembe kwa mikono miwili. Hakujua alikuwa anaona aibu au fahari. Alichojua ni kwamba Maame Ekua alikuwa anamtazama, na kwamba masikio yake makubwa yalikuwa yamepata moto ndani ya chumba cha barafu.

Ndipo Maame Ekua alipoegemea meza na kusema, "Egya Kwamena, mimi nimechoka kusikia. Maneno hayashibishi. Jumamosi nafunga duka mchana. Nakuja kwako kula."

"Kula?"

"Au hunikaribishi?"

"Karibu," akasema Kwamena. "Karibu sana. Karibu mno." Akatoka nje bila mfuko wake, akarudi kuuchukua, akatoka tena bila chenji.

Njia ya kwenda kwake aliijua kuliko kiganja chake, lakini siku ile aliipita nyumba yake mwenyewe akafika mpaka kanisa la Kimethodisti, akasimama, akajiuliza anakwenda wapi, akaangua kicheko. Akageuka. Akamwamkia mbuzi. Akamwamkia mwanamke aliyekuwa ameshamwamkia wakati anapita mara ya kwanza. Kifuani mwake kulikuwa na kitu kinachopigapiga mbawa, na miguu yake, miguu ya mtu wa umri ule, ilitaka kuruka mitaro ambayo ingeweza kuzungukwa.

Kilichompata Jumamosi asubuhi ni kwamba aliifungua friza, akaona kazi aliyojifanyia.

Haikuwa mifuko tena. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara nyingi, na kila ukikatika vidari vya juu vililowa kidogo, na kila ukirudi vilishikana upya na vya chini, mpaka friza nzima ikawa jabali moja jeupe, na ndani yake vidari vimelala kama mawe ndani ya zege. Akajaribu kwa mkono. Akajaribu kwa kisu, kikapinda. Akaenda ukutani.

"Dada Esi, niazime mchi wako wa kupondea fufu ya muhogo."

"Wewe unaponda fufu? Na nani?"

"Naponda kuku."

Kichwa cha Nana Esi kikatokea juu ya ukuta. "Kwamena, una homa?"

Mchi ukaja hata hivyo, na mwenye mchi akaja nyuma yake, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo kama lile lipite bila shahidi. Kwamena akapiga. Jabali likatoa sauti, likatema kipande kikubwa kama tofali, vidari kadhaa vimekumbatiana ndani yake. Akakidaka kabla hakijamwangukia mguuni, kikamteleza, kikaenda kinaserereka uani mpaka mbele ya kuku hai wa Nana Esi waliokuwa wameruka ukuta, ambao walimtazama ndugu yao kwa mashaka makubwa.

"Osha kwanza," Nana Esi akasema, machozi yakimtoka. "Yesu wangu, osha kwanza."

Akaosha. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda na yeye hakuwa mtu wa subira tena, akalitia tofali lote kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akaongeza moto mpaka mwisho. Povu likapanda, likamwagika, likazima jiko. Akawasha tena. Baada ya muda nje ya tofali kukawa kweupe na kugumu kama raba ya kufutia. Akatoa, akakata katikati. Katikati mlikuwa na barafu, inang'aa, haijui kama kuna moto duniani.

Akampigia simu bintiye Araba, aliyekuwa muuguzi kule Tema.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nauliza tu. Mtu akiwa na kidari cha kuku cha barafu, anakipikaje?"

"Baba, una mgeni?"

"Nimeuliza habari za kuku."

"Mgeni mwanamke?"

"Araba!"

Akasikia mwanawe akicheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu msiba, kicheko cha mtoto aliyegundua mahali sukari imefichwa. "Sawa, sawa, baba, sikiliza. Usichemshe na barafu yake kwa moto mkali. Nje kunakufa, ndani kunabaki kubichi, na kibichi kitamlaza mgeni wako. Vitie kwenye mfuko, ufunge usiingie maji, uzamishe kwenye beseni la maji ya baridi. Maji yakipoa sana, mwaga, weka mengine."

"Maji ya moto si yataharakisha?"

"Baridi, baba! Na usivianike juani."

"Nani kasema nitavianika juani?" akauliza Kwamena, akiviangalia vipande vya lile tofali alivyokuwa ameviweka juani juu ya ungo. Akaenda kuviondoa huku simu ikiwa begani.

"Na baba?"

"Eh?"

"Vaa lile shati la bluu."

Tofali lile la kwanza wakapewa mbwa wa jirani, baada ya kuchemshwa mpaka basi. Likapigwa tofali la pili, likatiwa mfukoni, likazamishwa. Kwamena akakaa kwenye kigoda mbele ya beseni kama mtu anayevua samaki, akibadilisha maji, akibonyeza kwa kidole. Na kweli, pole pole, kimoja kikajitenga. Kikafuata kingine. Alipokishika cha kwanza kikiwa laini mkononi, alikiinua juu kama mkunga anayemwonyesha mama mtoto.

"Dada Esi! Kimeachia!"

"Hongera, baba fulani!" sauti ikajibu kutoka ukutani.

Kutoka hapo mambo yangekwenda vizuri, lakini alivitia kwenye mafuta ya moto vikiwa vinachuruzika maji. Mafuta yakalipuka kama fataki za mwaka mpya. Kwamena akaruka nyuma, akanyakua mfuniko wa sufuria ya ugali, akaushika mbele ya uso kama ngao, akasonga mbele na uma mkononi. Nana Esi akachungulia, akamwona, akalazimika kukaa chini.

"Vikaushe!" akapiga kelele kati ya vicheko. "Vifute na kitambaa, wewe mwanajeshi! Maji na mafuta ni mke na mke mwenza!"

Akavifuta kimoja kimoja, kwa upole, mbele na nyuma. Vilivyokuwa vinene akavipasua kwa ubavu vikawa bapa. Akasaga tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, akatia chumvi, akavikanda, akaviacha vinywe. Kisha akasimama mbele ya jiko na kukumbuka maneno ya mtu mmoja aliyewahi kuyasema dukani bila kujua anasema nini. Moto mkali mwanzo. Vikalia kwa sauti nzuri, vikashika rangi ya dhahabu. Akavigeuza. Akatia nyanya na kitunguu, akapunguza moto, akafunika. Akakaa mbali na mfuniko, mikono nyuma, ili asijaribiwe.

Harufu ikaanza kutembea. Ikatoka jikoni, ikazunguka uani, ikapanda ukuta. Vicheko vya upande wa pili vikakatika.

"Kwamena," Nana Esi akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Hicho ni nini?"

Alipozima na kusubiri na kukata kipande kidogo cha kuonja, ndani kulikuwa kweupe pote, hakuna wekundu, na kisu kilipopita mchuzi ulitoka wenyewe. Akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Halafu mtu mzima yule, dereva mstaafu, mzee wa kanisa, akaweka kisu chini, akaanza kucheza. Akazunguka meza, mabega yakienda mbele na nyuma, mwiko hewani, akipiga honi ya garimoshi kwa mdomo, honi ndefu ya kuingia stesheni kubwa, huku akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kufurahi hivyo bila ruhusa ya mwenyewe.

Ndipo hodi ikapigwa.

Akafungua mlango. Mbele yake alisimama mwanamke aliyesukwa vizuri, shingo ndefu, mabega wazi, gauni la kitenge cha njano lililomkaa kama limechorwa. Kwamena akamwangalia kwa adabu.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Mwanamke akafungua mdomo, akaufunga. "Namtafuta Egya Kwamena, fundi wa vidari."

Ilikuwa ni sauti. Sauti ile aliijua. Akafunika nyusi za mwanamke kwa kiganja kutoka mbali, kama mtu anayejikinga na jua, akaona macho, pua na tabasamu.

"Maame Ekua! Kumbe una nywele!"

Maame Ekua alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Na masikio pia ninayo! Na shingo! Kwani wewe ulidhani nimezaliwa na lile sweta?"

"Sikudhani chochote," Kwamena akasema, na ilikuwa kweli, maana kichwa chake kilikuwa kitupu kabisa, chepesi, kinaelea.

Akamkalisha mezani. Akaleta wali, akaleta vidari kwenye bakuli la sherehe, mchuzi mwekundu ukimeremeta. Maame Ekua akanawa mikono. Akalitazama bakuli. Akamega wali, akaukandakanda, akala wali. Akamega tena wali. Kidari kilichokuwa mbele yake akakisukuma kidogo kulia, kisha kidogo kushoto.

"Harufu yake tu inatosha," akasema.

"Onja."

"Naonja. Hebu kwanza, una maji ya baridi?"

"Nakuletea."

"Kaa, kaa, umesimama tangu asubuhi. Friza si hiyo hapo uani? Naiona." Na kabla Kwamena hajanyanyua makalio, alikuwa ameshafika, ameshashika mfuniko, ameshaufungua.

Kwamena akafumba macho.

"Egya Kwamena."

"Naam."

"Hivi ni vidari vyangu."

"Ni vyako."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hukula hata kimoja?"

"Sikuwa najua kupika. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na vile vya tangawizi? Na vya karanga? Na vile vya majani ya ndizi ulivyonieleza mpaka nikameza mate mbele ya wateja?"

"Redio," akasema Kwamena kwa sauti ndogo. "Redio na Nana Esi."

"Mimi msinitaje!" ukuta ukajibu.

Maame Ekua akafunga mfuniko taratibu, akageuka, mikono kiunoni. "Sasa kama hupiki wala huli, kwa miezi yote hii ulikuwa unanunua nini dukani kwangu?"

Kwamena alikuwa ameendesha garimoshi kwenye madaraja mabovu bila kuogopa. Sasa aliogopa. Lakini ndani ya woga huo kulikuwa na furaha, kama mtoto anayeachia kamba ya bembea.

"Nilikuwa nanunua kusimama pale," akasema. "Wewe ukiwa upande ule, mimi upande huu. Vidari vilikuja kwa bahati mbaya."

Maame Ekua akakaa juu ya friza. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kwamena akadhani analia, akanyanyuka, mpaka aliposikia kicheko.

"Na mimi nikwambie langu?" akasema alipoweza kupumua. "Mimi kuku sili."

"Huli?"

"Tangu duka halijamaliza mwaka. Ukishika kuku wa barafu kutwa nzima, ukifika nyumbani unataka dagaa na kitunguu, basi. Hapo mezani nilikuwa nawaza nitakifichia wapi."

"Sasa ulikuja kuonja nini?"

"Na wewe nawe! Mtu mzima, unauliza?"

Upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka, labda bakuli, labda Nana Esi mwenyewe. Wao wawili walitazamana, wakacheka, wakanyamaza, wakatazamana tena, wakacheka upya, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole bila kuweza kusema. Kwamena alilazimika kushika mti wa kuanikia nguo.

Waliporudi mezani Maame Ekua alikishika kile kidari kwa vidole. "Ngoja nionje basi. Mtu amepigana vita kwa ajili yangu, nione bendera." Akamega kipande kidogo kama punje, akaweka kwenye ulimi na uso wa mtu anayekunywa dawa. Akatafuna. Uso ukabadilika. Akamega kikubwa zaidi.

"Kwamena," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila ile heshima ya Egya. "Hiki hakijakauka."

"Hakijakauka?"

"Kaa kimya, nakula."

Akakimaliza. Akachukua kingine. Akafuta mchuzi kwa wali wa mwisho. Halafu akaamka, akafunga khanga kifuani juu ya gauni lake la njano, akaenda tena kwenye friza kwa hatua za mtu aliyerudi kazini. Akainama nusu mwili umo ndani, akawa anatoa amri kwa sauti ya pangoni: lete mchi, lete beseni, hivi vya chini vimeungua kwa barafu, angalia vilivyofanya weupe wa chaki, hivi tupa, hivi vya juu vizima, zamisha. Walishinda hapo wakipasua na kuzamisha, wakikausha na kukaanga, wakipigana mabega kwenye jiko dogo. Nana Esi alizunguka mwenyewe kwa mlangoni, ameleta sahani yake kabisa, asiulizwe maswali.

"Mimi nimekuja kuchukua mchi wangu," akasema, akakaa, akala.

Mtaa ulishiba jioni ile. Hata yule msichana wa maembe alipita na mumewe, na mume akamshika Kwamena mkono kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu aliyeokolewa meno.

Baada ya mavuno Kwamena alikwenda kubisha hodi kwa kina Ekua ili kumposa, kama desturi inavyotaka, na chupa zake za kinywaji na wazee wake wawili, na Araba aliyekuja kutoka Tema kwa ajili hiyo, amevaa kama bibi harusi ni yeye. Kaka mkubwa wa Ekua alikuwa seremala aitwaye Ato, mwenye sura ya hakimu aliyenyimwa chakula. Alizitazama chupa, akamtazama Kwamena kuanzia viatu mpaka masikio, akamwita dadake aje mbele ya watu.

"Ekua," akasema, "huyu mtu ameleta vinywaji. Sisi hatumjui. Tukivinywa, hatutavitapika. Nakuuliza mara ya kwanza: tuvipokee?"

"Vipokeeni."

"Mwanamke hujibu kwa fikra. Nakuuliza mara ya pili: tuvipokee?"

"Kaka, vipokeeni."

Ato akanyamaza kwa makusudi. Alikuwa mtu aliyependa kuona ukumbi ukishika pumzi. Kwamena alikuwa ameshika ya kwake tangu walipoingia, na Araba alikuwa amembana mkono mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho, mbele ya wakubwa na wadogo..."

"Ato!" Ekua akapaza sauti. "Mimi ni mjane wa umri huu, miguu inaniuma, na mwanaume mwenyewe karibu anaanguka. Zifungueni hizo chupa!"

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaanza kupiga meza kama ngoma, na Ato mwenye sura ya hakimu akawa wa kwanza kuinama kwa kicheko, akiitafuta glasi kwa mkono mmoja huku kwa mwingine amemshika shemeji yake mpya begani, ili wote wawili wasianguke.